Jina la Gergana

Tableti ya Gergana ilianza kugoma siku ya arobaini ya kifo cha bibi yake, wakati ngano ya kuchemsha yenye sukari, sadaka ya marehemu, bado ikigawiwa mlangoni. Kila mara mtoto alipoifungua, maandishi yalitokea: "Jina hili linatumiwa na kifaa kingine."

Baba yake, Veselin, alicheka. Yeye ndiye aliyempa mtoto jina la bibi huyo, mama yake mzazi, kama desturi inavyotaka, na yeye ndiye aliyeipa kompyuta ya mama jina hilohilo na anwani ya kudumu mtandaoni, ili bibi asihangaike.

"Vifaa viwili vinagombania jina moja, basi. Mwenyeji anabaki, mgeni anafukuzwa. Ngoja nizime ile ya marehemu."

Kompyuta ile ilikuwa kabatini tangu mazishi, imezimwa, haina hata betri.

Mkewe, Rositsa, aliufunga mlango wa kabati haraka. Siku ya msiba walifunika vioo vyote kwa shuka, ili roho ya maiti aliyekuwa ndani isiingie humo. Kioo cheusi cha kompyuta, mezani kando ya jeneza, hakuna aliyekumbuka kukifunika.

"Aliingia mle," alinong'ona.

"Acha hizo, mama Gergana. Mle kuna waya tu."

Lakini rauta, kile kisanduku cha intaneti, ilionyesha Gergana yumo hewani, na si wa tableti. Veselin aliichomoa rauta, akairudisha. Gergana bado yumo. Safari hii hakucheka.

Kila mara tableti ilipofukuzwa mtandaoni, mikono ya mtoto ilipoa, naye akasahau kitu: kwanza jina la mwalimu, kisha la paka wake. Nyumba ikanuka dawa ya nondo, ile ya sanduku la bibi. Rositsa akambeba mwanawe hadi kwa mama yake mjini Pleven, nyumba nyingine, mtandao mwingine, akafunga mlango kwa komeo na kuwasha tableti huku akiomba kimoyomoyo, na maandishi yaleyale yakamtokea usoni, na harufu ileile ikapita chini ya mlango, na mtoto aliyekuwa mapajani mwake akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, mimi naitwa nani?"

Walirudi. Pa kukimbilia hapakuwepo.

"Mwachie hilo jina," Rositsa alimwambia mumewe, machozi yakimtoka. "Mwanangu apone tu."

Veselin akaibadilisha tableti jina, akaiita Sungura. Ikakubali papo hapo. Mikono ya mtoto ikapata joto, harufu ikaisha, na Rositsa akalia kwa furaha, akaandaa meza.

"Gergana! Njoo ule, mwanangu!"

Mtoto hakugeuka. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, magoti pamoja, akimtazama kwa adabu kama mtu anayesubiri kutambulishwa.

Chumbani kwa bibi, ndara zikaburutwa sakafuni taratibu.

"Nakuja, mkwe wangu," sauti ikaitika. "Na huyo mgeni anaondoka saa ngapi?"