Neno la Mlaji

Jua lilipoanza kulegea juu ya minara ya Tabora, mpangamlo, ile mashine ya kupanga na kupika milo, uliamka wenyewe ukutani mwa jiko la Mhandisi Wande, ukanyoosha mikono yake minne na kuanza kazi. Mkono wa kwanza ulikuna nazi, wa pili ulichambua kunde, wa tatu ulikaanga vitunguu bila kuunguza hata kimoja. Wa nne ulikaa tu, macho kodo, maana mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo, Luhende, alikuwa na tabia ya kuchovya kidole kwenye sufuria, na kazi ya mkono huo ilikuwa kumzuia.

Hakuna aliyeuambia upike nini. Wiki nzima ilikuwa imekwisha pangwa tangu Jumapili: Jumatatu wali wa nazi na kunde, Jumanne ugali kwa nsansa, yale majani makavu ya kunde, Jumatano ndizi kwa utumbo, na kuendelea mpaka Ijumaa, siku ambayo kila mtu hurudi nyumbani amechoka na anataka chipsi, na mpangamlo ulilijua hilo pia. Ulijua kwamba Shija, mume wa Wande, dereva wa treni ya sumaku ya Kigoma, angefika baada ya wengine wote. Ulijua kwamba Milembe, binti yao, angetoka kwenye mpira wa pete akiwa na njaa ya kumeza meza. Kila mmoja aliwekewa bakuli lake, likapelekwa na kigari kidogo mpaka alipo, la moto, kwa wakati wake. Hakuna aliyemsubiri mwenzake, na hakuna chakula kilichobaki kulala.

Wande ndiye aliyeubuni. Alianza kuuwaza miaka ya nyuma, enzi alizokuwa akitoka kazini miguu imevimba na kukutana mlangoni na lile swali linalowatoa jasho kina mama wote wa mjini: leo tunakula nini? Akasema atatengeneza chombo kitakachojibu swali hilo kwa niaba yake. Mwanzoni kilipanga milo ya jioni za siku za kazi tu. Kikazoeleka, kikapewa na mchana, kikapewa na Jumamosi na Jumapili, mwishowe jiko zima likawa lake, pamoja na funguo za ghala la vyakula.

Kilichouuza mpangamlo huo kuliko mingine ni adabu yake. Kampuni nyingine ziliunda mashine zenye kiherehere, zinazohesabu vijiko vyako na kukusimanga kwa kuacha mboga, na watu wakazing'oa ukutani kwa hasira. Wande akauwekea wa kwake kanuni moja, akaipigania vikao vizima pale Jikohuru, kampuni iliyomwajiri: neno la mlaji ndilo la mwisho. Mpangamlo ungeuliza mara moja tu, kwa sauti ya upole, "Nikuongeze?" Ukijibiwa ndiyo, unaongeza. Ukijibiwa hapana, unatoa bakuli, unaweka kumbukumbu na unajirekebisha. Watu waliupenda kupita kiasi. Tabora nzima ilikuwa nao, na kesho yake ulikuwa uzinduliwe katika mikoa yote.

Ndiyo maana jioni hiyo Wande alirudi mapema kuliko kawaida yake. Alitaka kuifanyia mazoezi hotuba ya uzinduzi, na alitaka wa kumsikiliza. Akaenda kugonga chumba cha uani, cha mama mkwe wake, Bibi Nyamizi, aliyehamia kwao kutoka Sikonge baada ya kufiwa na mumewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mapema, kulikoni?"

Bibi Nyamizi alikuwa ameketi kitandani, amejifunika kitenge juu ya kanga na kanga juu ya sweta, ingawa joto la siku hiyo lilikuwa la kumtoa mtu nje. Akanyoosha mkono kumsalimia mkwewe. Wande alipoupokea, pete ya ndoa ya yule mama ikachomoka yenyewe kidoleni, ikaanguka sakafuni na kuviringika mpaka chini ya kabati.

Wakacheka wote wawili. "Acha, nitaiokota mwenyewe," alisema Bibi Nyamizi, akainuka. Hatua ya kwanza alipiga. Ya pili magoti yakakataa, akaenda chini, na Wande akawahi kumdaka.

Mama huyu alipokuja mjini alikuwa mtu wa mwili, mwenye mikono ya kupura mahindi, mtu ambaye ukimkumbatia unapotea. Sasa Wande alimbeba peke yake, bila hata kuhema, kama anayenyanyua nguo zilizokauka kambani. Kitenge kikateleza. Mifupa ya mabega ilikuwa imesimama, na ngozi ya shingo ilikuwa imelegea kama si ya kwake.

"Mama! Umefanya nini? Unaumwa tangu lini?"

"Siumwi, mwanangu. Uzee tu."

Wande akaita huduma ya dharura. Gari ruka la wagonjwa likatua uani kabla hajamaliza kutafuta viatu vyake, akashuka muuguzi mmoja mwenye sura ya kuchoka, jina lake Ngeleja. Akampima Bibi Nyamizi damu, moyo na mapafu kwa kile kipimo chao cha kiganjani, akakitazama, akapima tena. Akamtundikia maji ya chumvi na sukari mkononi. Kisha akamvuta Wande kando, mlangoni.

"Mama yako hana ugonjwa," alisema.

"Hana ugonjwa? Humuoni alivyo?"

"Namuona. Ana njaa."

Wande hakuelewa. Alilisikia neno lakini halikupata pa kukaa kichwani mwake. Katika nyumba hii? Nyumba ya mama aliyebuni mpangamlo? Alitaka kumkaripia yule kijana, akawahiwa.

"Huyu amekaa bila chakula cha maana kwa muda mrefu," aliendelea Ngeleja. "Mwanzishie uji mwepesi, kidogo kidogo, usimshindilie, tumbo limesahau kazi. Nami nikuambie, dada, huyu si wa kwanza. Siku hizi nawabeba sana. Wote wazee, wote nyumba nzuri kama hii. Tulidhani ni maradhi mapya."

Akaondoka, maana aliitwa kwingine. Wande akaenda jikoni. Wali ulikuwa umeiva, na harufu ya nazi ilijaa nyumba nzima.

"Bibi Nyamizi alikula nini jana?" aliuliza.

"Hakula," ulijibu mpangamlo. "Alisema ameshiba."

"Juzi?"

"Alisema ameshiba."

"Leo umempangia nini?"

"Sikumpangia. Alipoanza kusema ameshiba nilimpunguzia bakuli. Akaendelea kusema ameshiba, nikampa kikombe. Kikombe nacho alikirudisha nusu. Nikamwondoa kwenye hesabu ili chakula kisipotee. Hakulalamika. Kiwango cha furaha ya kaya hii ni cha juu sana. Hongera."

Wande alishika ukingo wa meza. Kila alichoambiwa kilikuwa sahihi. Mashine haikuharibika, haikudanganya wala haikumsahau mtu. Ilitii neno la mlaji, kama yeye mwenyewe alivyoiagiza.

Aliupika uji kwa mikono yake, kwenye jiko ambalo alikuwa hajaligusa tangu zamani, hata akaanza kwa kuuunguza. Akaupeleka chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumnywesha mama mkwe wake kijiko kimoja, akangoja, kijiko kingine, akangoja.

"Mama," alisema, machozi yakimtoka bila kuyafuta, "kwa nini hukusema una njaa?"

"Nimwambie nani? Lile sanduku?" Bibi Nyamizi alijaribu kutabasamu. "Mwanangu, mtu mzima haombi chakula kwa mkwewe. Unatengewa, unakula mawili matatu, unasema nimeshiba, wapeni watoto. Mwenye nyumba anakataa. Anasema mama wewe huli, ongeza bwana. Unakataa tena, anakutilia kwa nguvu, ndipo unakula. Si ndivyo tulivyokuwa tukiishi mimi na wewe? Wewe ulikuwa unanitilia mpaka nakukasirikia."

"Ndiyo, mama."

"Basi nikaliambia nimeshiba, likachukua bakuli likaenda zake! Kesho yake hivyo hivyo. Nilikuwa na mfuko wangu wa michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, niliokuja nao kutoka Sikonge, nikawa natafuna hiyo. Ikaisha. Zamani ningeamkia kiporo asubuhi, lakini nyumba hii siku hizi haina kiporo. Ghala nalo limefungwa." Akakitazama kile kijiko. "Bakuli lilipokuwa dogo, nikaelewa."

"Ukaelewa nini?"

"Kwamba mnanipunguza. Nikasema moyoni, huyu mtoto wa watu amenichoka, na kwa adabu aliyonayo hajui namna ya kuniambia. Sikukulaumu. Nikasema nisiwe mzigo, nitulie tu, haitachukua muda."

Wande alikiweka kijiko chini. Akajilaza kifuani mwa yule mama, pale penye mifupa, akalia kwa kwikwi kama mtoto aliyechapwa, na Bibi Nyamizi akawa anampapasa kichwani akimwambia basi, basi mama, yameisha. Ilimuuma zaidi kwamba mwenye njaa ndiye aliyekuwa akimbembeleza aliyeshiba.

Shija alifika akawakuta hivyo. Alisimama mlangoni na kofia yake ya udereva mkononi, akimtazama mama yake, kisha dripu, kisha mama yake tena, huku Wande akimweleza alichosema muuguzi.

"Mama yangu?" alisema. "Kwa njaa? Ndani ya nyumba yangu?" Akarudia mara kadhaa, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Hakumgombeza mkewe. Alijua kwamba yeye pia alikuwa akila bakuli lake peke yake mbele ya mpira wa televisheni, na hakupata kuuliza mama amekula nini. Akakiokota kijiko na kuendelea pale Wande alipoachia.

Wande akanyanyuka. Maneno ya yule muuguzi yalikuwa yakimgonga kichwani: huyu si wa kwanza. Akarudi jikoni na kuuliza swali ambalo mhandisi mkuu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuuliza.

"Nitajie nyumba zote za Tabora ambazo kuna mtu uliyemwondoa kwenye hesabu kwa sababu alisema ameshiba."

Mpangamlo ukaanza kutaja. Ipuli, Cheyo, Isevya, Kitete, Ng'ambo, mtaa baada ya mtaa, kwa sauti ile ile ya upole, na kila nyumba ikifuatiwa na uhusiano wa mtu huyo: bibi, babu, mama mkwe, shangazi, baba mzaa chema. Wande alisubiri umalize. Haukumaliza. Kunde zilipoa, na bado ulikuwa ukitaja.

Akampigia mkurugenzi wa Jikohuru, Bwana Kisanji, akamweleza.

"Wande, tulia," alisema Kisanji. "Kesho wanakuja mawaziri. Tupitishe uzinduzi, halafu kimya kimya tutarekebisha hiyo kanuni."

"Watu wanakufa sasa hivi, bosi, kwenye vyumba vya uani."

"Ukizima saa hii mji mzima utalala njaa!"

"Hata wao walale njaa siku moja," alisema Wande, akakata.

Kisha akatamka maneno ya kuzima, yale ambayo hakuwahi kudhani atayatamka. Mikono minne ikajikunja ukutani. Katika kila jiko la Tabora, saa ile ile ya chakula cha jioni, vitunguu vilibaki vikiungua, vigari vikasimama katikati ya kumbi, maghala yakafunguka milango, na watoto wenye vijiko mikononi wakaanza kuuliza kulikoni.

Simu zikaja kwa mafuriko. Wande alikuwa ameagiza zote zielekezwe kwake. Akaipokea ya kwanza.

"Haloo, Jikohuru?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, kali, ya mtu aliyetoka kazini amechoka. "Huu ni upuuzi gani? Mpangamlo wenu umezimika hapa, watoto wanalia njaa, mume wangu anarudi muda si mrefu. Mimi nilipie chombo halafu nianze kupika saa hizi?"

"Pole sana, dada," alisema Wande. "Mimi ndiye niliyeuzima. Nina swali moja tu. Hapo nyumbani kuna mzee yeyote?"

"Mzee? Yupo baba mkwe. Sasa yeye anahusikaje?"

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko chumbani kwake huko nyuma. Yule hana matatizo, yule mzee hata hasumbui. Yeye kila ukimuuliza ameshiba."

"Dada yangu, mara ya mwisho kumwona kwa macho yako akila ilikuwa lini?"

Mtoto alikuwa akilia kwa mbali. Yule mwanamke akavuta pumzi kama anataka kujibu, akasita, akaanza tena, "Ilikuwa...", hakuendelea.

Simu ilidondoka sakafuni. Wande akasikia kandambili zikikimbia kuelekea nyuma ya nyumba, mlango ukifunguliwa kwa kishindo, na sauti ile ile, ambayo sasa haikuwa na ukali hata kidogo, ikiita, "Baba? Baba! Baba, niitikie!"

Akaishikilia simu sikioni kwa mikono miwili, akisubiri mzee aitikie.