Fukusi wa Chupa ya Kamande

Kila asubuhi kabla ya kunywa chai, Wavinya alipiga magoti kando ya dirisha la nyumba yao katika mtaa wa Satellite, akawahesabu fukusi wake. Ndiyo, fukusi, wale wadudu wanaotoboa nafaka! Mama yake, Nzembi, aliyeuza nafaka sokoni, alicheka tu.

"Mimi nawafukuza kibandani, wewe unawafuga nyumbani. Haya basi!"

Chupa ya kwanza ilikuwa na kunde, chakula walichokizoea. Ya pili ilikuwa na kamande za dukani, zile punje ndogo bapa, nazo ziliwashinda karibu wote. Mwanzoni walitoka watano tu ndani ya punje. Watano hao wakataga mayai, na safari hii wakatoka ishirini na saba. Walioweza kula kamande ndio waliozaa wenzao! Wavinya alifurahi ajabu. Ijumaa Mwalimu Namalwa angechagua mradi mmoja wa kwenda maonyesho ya sayansi katikati ya jiji, na Wavinya aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wake wote.

Jumatano aliwahamishia fukusi hao kwenye chupa safi yenye kamande mpya kutoka debe la mama. Zile punje za zamani akaziacha kwenye kopo. Ijumaa alfajiri, lo! Wote walikuwa wamekufa, miguu juu. Wavinya alilia. Kisha akaitazama chupa ya kunde iliyojaa fukusi, akachota ishirini na saba, akawatia kwenye chupa ya kamande badala ya wale waliokufa.

Darasani, jirani yake Lenox aliwaona fukusi wakitambaa chupani, akashangaa. "Wavinya, umeweza!"

"Hongera," Mwalimu Namalwa alisema. "Mradi wako ndio utakaokwenda."

Wenzake walipiga makofi, lakini Wavinya aliificha chupa chini ya dawati. Wakati wa mapumziko alimfuata mwalimu.

"Nisamehe, Mwalimu. Wangu walikufa. Hawa nimewatoa kwenye kunde."

Mwalimu aliifungua chupa, akasugua punje za kamande. Vidole vyake vikawa vya kijivu.

"Mbona zina majivu?"

Wavinya alijishika kichwa. Mama huchanganya nafaka zote za debe na majivu ili zisiliwe na wadudu, na yeye mwenyewe ndiye humchekechea majivu hayo kila Jumamosi!

"Basi siwezi kuupeleka mradi huu," mwalimu alisema. "Ila kaangalie zile punje za zamani. Wengine huchelewa kutoka."

Jioni Wavinya alifunua kopo. Fukusi tisa walikuwa wakitembea juu ya kamande! Alipiga kelele mpaka mama akaja mbio na mwiko mkononi.

Jumatatu alipeleka kopo na daftari lake. Humo aliandika yote: watano, ishirini na saba, vifo, majivu, na hao tisa. Mwalimu Namalwa alisoma, akatabasamu.

"Tutakwenda na hawa tisa. Walizoea chakula kigeni kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi. Kama ungeendelea kudanganya, tusingejua lolote kuwahusu. Wavinya, andika ulichokiona, hata kikikuumiza."

Nyumbani mama alifurahi sana, kisha akalifunika debe lake vizuri.

"Hongera mwanangu. Lakini hao mabingwa wako wasikaribie hapa!"