Valvu ya Tatu

Redio ilikuwa inawaka, na plagi yake iko mkononi mwa Mwalimu.

"Mawimbi!" alimwita mumewe. "Njoo ulione dude lako."

Mumewe, fundi redio aliyebandikwa jina hilo na mtaa mzima, alikuja akicheka. "Redio za zamani za valvu hutunza umeme, mke wangu. Usiwe mshamba."

"Umeme wa tangu asubuhi?"

Akaipangusa redio vumbi kwa mkono wa shati. Mwanamume akishapenda chuma, hata nyumba iungue atauliza kwanza kama chuma kimepona.

Redio hiyo aliifufua mwenyewe: alisugua kutu, akabadili nyaya, akachomea upya kila kiungo. Ilipungukiwa na valvu moja tu, ya tatu, kijitaa cha kioo kama kidole gumba. Aliipata kwa mjane wa mtu aliyekuwa na redio hiyo zamani. Mjane hakuwa na sauti. Alitikisa kichwa, akatikisa tena, akamshika mkono. Mawimbi akaichukua hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo chumba kilinuka nywele zilizoungua. Katikati ya mikwaruzo kikawa kinasikika kinong'ono, kikirudia maneno ambayo Mwalimu alikuwa ameyasema darasani asubuhi ileile, na kadiri kinong'ono kilivyonenepa ndivyo koo lake lilivyokonda, zikaanza kwenda nyimbo, zikafuata kelele za kuwanyamazisha watoto, mpaka mkuu wa shule akamrudisha nyumbani, maana mwalimu asiye na sauti ni kengele isiyo na ulimi.

Mganga aliletwa. Alikuwa mama mnene asiyependa porojo. Aliweka kiganja juu ya redio, akakiondoa upesi.

"Jini huyu hana kinywa, anaazima," alinong'ona. "Vunja hiyo ya tatu, mbele yangu. Ikipata moto tena, sauti haitoki humo hata uivunje."

"Mara moja, mama."

Mawimbi akawageuzia mgongo. Lakini mpenda redio gani huvunja valvu nzima, ya kiwanda kilichokwisha kufungwa? Akatoa mfukoni valvu mbovu, akaiponda kwa nyundo. Ile nzima ikalala ndani ya soksi.

Kesho yake Mwalimu akasema, "Maji." Kisha akasema, "Baridi, siyo haya." Jirani yake akaja, wakakaa jikoni wakimsengenya mganga na kiuno chake.

Mawimbi akawasikia wanacheka, akaona mambo yamekwisha. Dakika moja tu, alijiambia. Akaitoa soksini, akaipachika. Kioo kikapata moto.

Kicheko cha Mwalimu kikakatika katikati jikoni, kikamalizikia redioni.

"Mume wangu," ilisema redio, tamu, karibu, sauti ya siku walizochumbiana, "unanipata?"

Mwalimu alisimama mlangoni. Akafumbua kinywa, na kikatoka kile kivumo cha mahali pasipo na stesheni, shhhh, kirefu, bila pumzi, huku machozi yakimdondoka na ngumi zake zikimpiga mumewe mabegani. Jirani alikwishakimbia, kiatu kimoja kimebaki.

Mawimbi akazungusha kitufe taratibu, kwa ncha za vidole.

"Nakupata vizuri sana," akaijibu redio. Kisha, bila kugeuka, akamwambia mkewe:

"Hebu nenda nje kidogo. Unaniletea mikwaruzo."