Minofu ya Siku ya Tatu

Alhamisi ile jiko la Drahomíra lilinukia mpaka ngazini. Tangu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya kikaango, akiponda minofu ya nguruwe kwa nyundo ya mbao, akiichovya kwenye unga, yai na chenga za mkate, kisha akiikaanga mpaka iwe rangi ya dhahabu. Minofu thelathini na sita! Wala asinicheke mtu hapa kwetu Jihlava, Ucheki, maana nani kati yetu hajawahi kusafiri na minofu iliyofungwa kwenye karatasi ya foili? Kando yake mama mkwe wake, Bi Květa, mwenye miaka sabini na tisa, alikuwa akipiga pasi gauni la buluu huku akiimba. Kesho yake walikuwa wanapanda basi la watalii kwenda Roma, mji ambao bibi huyu aliutamani tangu usichana, enzi zile za ukomunisti mipaka ilipokuwa imefungwa.

"Draha, mwanangu, unajua nataka nini kule?" alisema Bi Květa. "Nikae mezani. Mhudumu aje aniulize, mama, nikuletee nini? Miaka thelathini na minane nimewagawia watu supu kantini ya kiwanda. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nitakula nini."

Akatoa bahasha mfukoni mwa aproni. Ilikuwa akiba ya pensheni yake. "Hii ni ya huko. Tukae sote watatu, siku moja tu, tule kama watu."

Mlango ukafunguliwa akaingia Oldřich, mwanawe, mume wa Draha, fundi wa lifti. Alikuwa mkono wa birika asiye na mfano, ingawa sisi mtaani tulimwita mtu mwenye mipango. Alishaandika kila kitu kwenye karatasi: kifungua kinywa ni cha hoteli, mchana minofu, jioni minofu, maji ni ya mabomba ya barabarani, kahawa moja kwa siku tena ya kunywa wima. Bima ya safari alikuwa ameiandika, halafu akaikata kwa mstari.

"Mama, kule kukaa kunalipiwa," alisema akiichukua bahasha. "Kahawa ile ile, ukikalia kiti bei inapanda mara tatu. Mimi silipii makalio! Hizi tutanunulia bati la nyumba yetu ya shamba."

Bi Květa akacheka kidogo, kisha akarudi kwenye pasi yake. Hakuimba tena. Draha aliona, na roho ilimuuma, lakini miaka ishirini na miwili ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba ugomvi wa senti na Oldřich huchukua wiki nzima. Akageuza minofu.

Barafu ya sanduku la chakula iliyeyuka kabla basi halijavuka milima. Ijumaa walikula vizuri, na Jumamosi pia walikula. Hynek, tarishi mstaafu aliyekaa kiti cha nyuma yao, alichungulia sanduku lile akawatania.

"Oldo, bado mnakula hiyo? Humo ndani mmeficha marehemu nini?"

"Cheka tu," Oldřich akamjibu. "Mwisho wa safari tutaangaliana pochi."

Jumapili jua la Roma liliwaka bila huruma. Saa sita mchana walikaa kwenye ngazi za kanisa wafungue sanduku, polisi wa manispaa akawapigia filimbi wainuke. Wakaishia ukingoni mwa barabara, mkabala na mgahawa mdogo wenye vitambaa vyekundu mezani. Bi Květa alikuwa amevaa lile gauni la buluu. Alikuwa akiwatazama wahudumu wakipita na sahani, na macho yake hayakubanduka.

"Oldo, si iwe leo? Hata tambi tupu, bila nyama. Sahani moja tugawane."

"Kesho, Mama. Minofu imebaki tisa, tuitupe?"

Akafunua kifuniko. Draha alikuwa karibu zaidi, na harufu ilimpiga puani, harufu ya utamu mbaya ambayo mpishi yeyote anaijua. Aliuona utelezi chini ya chenga za mkate.

"Mbona inanuka?" Bi Květa akauliza.

"Kitunguu saumu hicho, Mama. Nyama ya kukaanga haiharibiki. Mwenyewe ulinipeleka nayo Bahari Nyeusi nikiwa mtoto." Akang'ata wake, akatafuna kwa nguvu ili waone.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapokasirika. Draha aliupokea mnofu wake, akaufunga kwenye karatasi, akajifanya anakusanya taka, akautupa pipani. Wake aliutupa! Aliporudi, Bi Květa alikuwa amekunja gauni lake vizuri magotini, na alikuwa anakula. Alikula polepole mpaka ukaisha, kwa sababu hakutaka kumwaibisha mwanawe mbele za watu. Draha alikaa pembeni yake akatazama barabara.

Jioni hiyo hiyo bibi alianza kutapika. Tumbo likamwendesha, homa ikapanda. Oldřich naye tumbo lilimsokota, akaenda msalani mara mbili tatu, basi. Akamnywesha mama yake chai nyeusi na vidonge vya mkaa. Jumatatu asubuhi Hynek akagonga mlango wa chumba chao hotelini.

"Oldo, huyu mama muite daktari."

"Unajua gari la wagonjwa huku ni bei gani? Hatuna bima, Hynek. Watatuvua hadi viatu. Ni tumbo tu, litapita."

"Draha, na wewe unasemaje?"

Draha alikuwa anamfuta mama mkwe wake mdomo. Midomo yenyewe ilikuwa imepasuka kwa ukavu. "Tusubiri kidogo," alisema, na hata yeye alijishangaa.

Walisubiri mpaka saa nane mchana, bibi alipoanza kumwita Draha kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Hapo Hynek hakuomba ruhusa ya mtu, alichukua simu akapiga mwenyewe.

Hospitalini muuguzi aliuliza kitu kimoja tu, kadi. Draha akapekua pochi ya bibi, akaikuta ile kadi ya kawaida ya bima ya nyumbani, ambayo kila mmoja wetu anatembea nayo. Muuguzi akaigeuza, akaona upande wa buluu, ule unaokubaliwa hospitali za Umoja wote wa Ulaya, akaitikia kwa kichwa. Ilitosha. Hakuna aliyewadai hata senti, wala wasingedaiwa jana yake. Daktari naye alisema kwa ufupi, kiongozi wa safari akatafsiri: mwili umekauka, figo zimesimama, mngemleta jana.

Bi Květa alifariki Jumatano, saa ambayo basi lilikuwa linapakia mizigo kurudi nyumbani.

Mazishini Jihlava tulikuwa watu sitini. Baada ya kaburini tukaenda kwenye ukumbi wa baa kula, kama desturi yetu ilivyo, na kwa mara ya kwanza tulimwona Oldřich akiagiza bila kuuliza bei. "Leteni bia! Leteni nyama, watu wale washibe!" Kila aliyempa pole alimjibu vilevile: "Moyo. Uzee, na joto lile. Moyo ulichoka tu."

Alipoyasema hayo mara ya kumi, Draha akasimama.

"Moyo wake ulikuwa mzima," alisema. Sauti haikuwa kubwa, lakini uma zote zilitulia. "Alikula nyama iliyooza. Mimi niliikaanga, mimi niliinusa. Yangu nikaitupa, yeye nikamwacha ale, kwa sababu niliogopa ugomvi. Na Oldřich akamwacha alale akikauka siku nzima, kwa sababu aliogopa gharama. Sasa mnajua. Endeleeni kula."

Hakuna aliyeendelea. Oldřich alikaa akitazama sahani yake mpaka mchuzi ukaganda.

FUNZO

Ndugu zangu, kupanga matumizi ni jambo jema, na anayesafiri bila kujua atakula nini atarudi na madeni. Lakini chakula cha mtu si mahali pa kubania. Mkipanga safari, wekeni fungu la chakula kizuri na fungu la ugonjwa kabla ya yote, na kilichoharibika kitupwe hata kama kiligharimu. Ulizeni mapema bima yenu inalipa nini ugenini. Na wewe unayeona kosa nyumbani mwako ukanyamaza ili siku ipite kwa amani, jua kwamba unashiriki kosa hilo. Draha anaishi peke yake siku hizi, ghorofa ya pili. Jikoni kwake hakunuki chochote.