Kikapu Kilichopotea Njia

Juu kabisa mlimani, mawingu hukaa chini kama kuku anayeatamia. Huko aliishi msichana mdogo, jina lake Nakijwa.

Shangazi yake alikuwa amejifungua mtoto. Nakijwa alikuwa hajamwona bado. Alitamani sana kumpakata, hata kidogo tu.

Asubuhi moja Mama akachukua kikapu cha Shangazi. Kule mlimani, kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu. Mama akatia ndani chane la ndizi mbivu.

"Mpelekee Shangazi," akasema Mama. "Fuata mfereji mpaka kwenye mlango wa bluu. Utalala huko, na mtoto utampakata."

Tipu, tipu, tipu, ikaenda miguu ya Nakijwa.

Mara ukungu ukashuka. Ukafunika migomba. Ukafunika mfereji. Nakijwa hakuona hata vidole vyake vya miguu.

Ukungu mbele, ukungu nyuma.
Tipu, tipu, tipu.

"Nimepotea," akanong'ona. Machozi yakamlengalenga.

Kumbe mbele yake palikuwa na mlango. Haukuwa wa bluu. Ulikuwa wa kahawia.

"Hodi," akasema Nakijwa.

"Karibu," akajibu bibi mmoja. Nakijwa hakumjua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tena na kikapu! Kumbe nimekumbukwa."

Kabla Nakijwa hajafungua mdomo, Bibi alikwishatoa ndizi. Kabla hajasema neno, Bibi alikwishamenya moja.

"Tamu," akasema Bibi. "Tangu mvua zianze sijapata mgeni."

Bibi alifurahi mpaka mashavu yakacheza. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba ndizi si zake? Nakijwa alishindwa.

Basi wakala pamoja, karibu na moto. Kisha Bibi akachuma jani mlangoni. Akaliweka midomoni, akapuliza.

Piiiiu!

Nakijwa akajaribu. Pfff. Akajaribu tena. Pfff. Akajaribu tena.

Piiiiu!

Wakacheka wote wawili.

Bibi akajaza magimbi kwenye kikapu. "Siwezi kukurudisha na kikapu kitupu," akasema. "Mfereji uko pale nyuma. Nenda salama."

Nakijwa akaondoka na magimbi, na jani lake mkononi.

Ukungu mbele, ukungu nyuma.
Tipu, tipu, tipu.

Lo, mfereji ukagawanyika. Mmoja huku, mwingine kule. Nakijwa akapotea tena.

Safari hii hakulia. Aliweka jani midomoni.

Piiiiu!

"Mee," ukungu ukajibu.

Akatokea mbuzi. Nyuma ya mbuzi akatokea baba mmoja mrefu. Nakijwa hakumjua huyu naye. Yule baba akanyoosha mkono kwenye kikapu.

Nakijwa akakishika kwa nguvu. "Shikamoo, Baba. Samahani, haya ni ya Shangazi. Ndizi zake zimeshaliwa. Na mimi nimepotea."

"Marahaba," akasema yule baba, akacheka taratibu. "Mimi nilitaka kukubebea tu. Shangazi yako ni yule mwenye mtoto mchanga? Twende."

Baba akabeba kikapu. Nakijwa akashika kamba ya mbuzi.

Tipu, tipu, tipu. Mee, mee, mee.

Hatimaye, mlango wa bluu.

Shangazi akachungulia kikapuni. "Mama yako amepiga simu, akasema ndizi. Ndizi ziko wapi?"

Nakijwa akatazama chini. "Tumekula. Mimi na Bibi wa mlango wa kahawia. Alikuwa peke yake."

Shangazi akaonyesha kona ya chumba. Kulikuwa na ndizi chini, ndizi juu, ndizi mpaka dirishani.

"Kila anayekuja kumwona mtoto ananiletea ndizi," akasema Shangazi. "Nimezichoka, mwanangu. Nilikuwa natamani magimbi."

Jioni wakala magimbi ya moto, pamoja na yule baba. Mbuzi akala maganda.

Kisha Nakijwa akampakata mtoto. Alikuwa mdogo, na mwenye joto. Akaanza kulia. Nakijwa akapuliza jani, polepole sana.

Piiiiu.

Mtoto akanyamaza. Akashika kidole cha Nakijwa, asikiachie.

Shangazi akajaza kikapu parachichi. "Kesho tumpelekee Bibi yule. Njia unaikumbuka?"

"Siikumbuki," akasema Nakijwa, huku akifumba macho. "Lakini tutapotea tu, Shangazi. Tutafika."

Nje, ukungu ukafunika nyumba yote. Ndani, Nakijwa na mtoto wakalala.