Upande wa Pili, Wimbo wa Mwisho

Walikutana kwenye duka la santuri, siku ya bei za chini, watu wamebanana mpaka hewa inagombaniwa. Mkono wa muuzaji na mkono wa mteja mmoja mwenye shati la maua ikashika albamu ileile: muziki wa fanki uliopigwa na watu wa nchi tatu wasioelewana lugha.

"Niachie, kaka, sijaibandika bei."

"Bandika tu, dada. Nitakushikia."

Mteja alikuwa fundi wa muziki. Alichanganya besi, kompyuta na sauti alizookota sokoni na stesheni. Muuzaji, wateja walimwita Sikio, maana kila albamu mpya aliiandikia kikadi cha maoni na hakukosea. Alikuwa na mwiko mmoja: hasomi neno kwenye jalada kabla hajasikiliza mpaka mwisho. Maneno, alisema, huyahonga masikio.

Wakawa wapenzi, na mwaka ulipotimia Fundi alimposa. Sikio akaingiwa na woga. Mama yake aliachwa mara mbili mbele ya macho yake, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kesho yake alimtumia Fundi ujumbe wa sauti: "Nataka, mpenzi. Kweli nataka. Lakini naogopa." Akakata hapo.

"Nimekusikia, malkia," Fundi alimjibu. "Nipe wiki tatu nimalize albamu, nikujibu vizuri."

Wiki ya tatu, asubuhi, kifurushi cha Fundi kikaja dukani. Sikio, ndani ya gauni la bluu alilolivaa makusudi, aliichomoa santuri na kuvaa vipokea sauti masikioni. Fanki ilimchezesha mabega. Nyimbo za soul zikamlegeza. Upande wa pili, wimbo wa mwisho, kinanda kilipoa, na juu yake akasikia sauti yake mwenyewe. *Nataka, mpenzi. Kweli nataka. Lakini naogopa.* Kisha kimya, santuri inazunguka bure.

Wateja watatu walisimama kaunta, na akilini aliwaona wote wameshamsikia: wao, mtaa mzima, mama yake. Akampigia Fundi simu.

"Umeniuza."

"Malkia, hujasoma—"

"Hofu yangu umeipigia ngoma watu waicheze. Usinipigie tena."

Akaizima simu kabisa. Alipoirudisha santuri kwenye jalada, ikagoma kuingia. Mlikuwa na karatasi ndani, mwandiko wa Fundi.

*Malkia, hii ni nakala ya majaribio, hakuna nyingine. Pale mwishoni nimeacha nafasi ya jibu lako. Leo saa sita mchana nakabidhi kazi kiwandani. Usiponiambia kitu, wimbo huu naufuta, nami nitakuwa nimejibiwa.*

Saa ya ukutani ilisema sita kasoro dakika nne.

Aliiwasha simu, nayo ikaamka kwa maringo ya bibi harusi. Dakika kumi nyuma aliogopa kusikiwa na dunia. Sasa aliogopa mtu mmoja asimsikie. Akampigia Fundi. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Naam." Nyuma ya Fundi mitambo ilikuwa inanguruma.

"Umeshaufuta?"

"Kidole kiko juu ya kitufe."

"Sikuwa nimesoma. Unajua ninavyosikiliza."

Fundi alishusha pumzi. "Mwaka mzima niko na mtu asiyesoma jalada, halafu barua naiweka ndani ya jalada. Mjinga nani hapa?"

"Usinichekeshe, nitalia. Ungeniuliza kwanza."

"Ningekuuliza ungekataa, nikaogopa. Nisamehe, mpenzi. Sasa nakuuliza."

Sikio aliwatazama wateja. Watatu wote walijifanya wanachagua santuri, na mmoja alikuwa ameishika juu chini. Hofu yake ilikuwa palepale, haijapungua hata chembe.

"Na ukiniacha kama mama alivyoachwa?"

"Naogopa hilohilo, wewe kuniacha mimi. Tangu asubuhi sijameza hata maji."

Sikio aliitazama saa. Zilibaki dakika mbili.

"Hiyo 'naogopa' usiifute," alisema. "Ni kweli yangu."

"Na ile nafasi?"

"Unaweza kunirekodi hapohapo?"

"Ukiniruhusu."

"Nimekuruhusu."

Akafumba macho, akalikamata gauni kwa mkono mmoja.

"Ndiyo," alisema. Sauti ilimtetemeka vibaya sana. Fundi akauliza kwa upole kama angependa kurudia. Sikio akasema hapana, ichapwe hivyohivyo.