Jino Changa Limevaa Koti

Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa kimya. Fundi alimpakata mwanawe, waliyembandika jina la Kifungo kwa sababu ya kipua chake cha duara. Mtoto alinyonya kidogo, akaacha, akalia. Kwenye ufizi wake wa chini palikuwa na uvimbe mdogo wa buluu, kama doa la wino.

"Hii ni damu mbaya," alisema Fundi. "Nikiitoboa tu, mwanangu atapumzika."

"Mama Kifungo, hilo si pindo la suruali!" mumewe alisema.

"Basi lete dawa yako! Au dawa yako ni kusimama mlangoni?"

Aliichoma ncha ya sindano kwenye moto.

"Hodi!"

Alikuwa jirani yao, tabibu wa meno, amefuata koti lake la kazi alilolileta kushonwa. Aliiona sindano, akashtuka.

"Ngoja kwanza, jirani!"

Alinawa mikono, akamsogeza Kifungo dirishani. Alimgusa paji la uso, akamtazama ufizi. Kisha akavaa koti lake.

"Fundi, ukinichoma sindano hapa mgongoni, itapita wapi?"

"Kwenye kitambaa, halafu bitana."

"Halafu?"

"Halafu utapiga kelele!"

Wote wakacheka, hata Fundi mwenyewe.

"Jino changa nalo limevaa," tabibu alieleza. "Limo ndani ya mfuko mwembamba, laini. Mfuko umezungukwa na mfupa wa taya. Juu kuna ufizi. Vyote hulilinda jino linapokua. Sasa la Kifungo liko karibu kutoka. Majimaji na damu kidogo vimejaa kati ya jino na mfuko wake. Mara nyingi uvimbe huu hupasuka wenyewe."

"Na ningetoboa?"

"Ungeingiza vijidudu. Huenda hata jino lingeharibika."

Fundi aliirudisha sindano mkebeni. "Nimekoma."

"Mfute ufizi taratibu kwa kitambaa safi, chenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Akipata homa au usaha, au akikataa kabisa kunyonya, mlete kliniki upesi."

Siku zikapita. Homa haikuja. Asubuhi moja Fundi alikuwa akinyonyesha.

"Aaah! Ameniuma!"

Mumewe alikuja mbio. Alimkuta mkewe anacheka huku machozi yanamtoka. Ule uvimbe haukuwepo tena. Mahali pake palichungulia kitu cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

"Nani amelitoa jino?" mume aliuliza.

"Hakuna," alisema Fundi, akimbusu mtoto. "Limevua koti lenyewe."